Wasomaji Wanauliza: Vivinjari Vidogo Vinashindanaje na Chrome?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu vivinjari, yaani programu tunazotumia kufungulia kurasa za intaneti, na hasa namna vile vidogo vinavyoweza kudumu katika soko ambalo Chrome ya Google imelitawala kwa zaidi ya mwongo mmoja. Tumechagua zile zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi, na tumezifupisha bila kubadilisha maana.

Ndugu Mhariri, Chrome ni nzuri, haina malipo, na karibu kila mtu ninayemfahamu anaitumia. Kwa nini kampuni nyingine zinaendelea kutumia fedha na nguvu kutengeneza vivinjari vyenye watumiaji wachache? Je, kiongozi wa soko hili aliwahi kuangushwa?

Aliwahi, tena kwa kishindo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa mikononi mwa zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa intaneti, kiwango ambacho Chrome yenyewe, yenye takriban theluthi mbili ya soko la dunia leo, haijakifikia. Ilikuwa imeipiku Netscape Navigator ya mwaka 1994 kwa sababu ilikuja ndani ya Windows bila mtu kuhitaji kuitafuta, na baada ya ushindi huo Microsoft ikabweteka: toleo la 6 lilitoka mwaka 2001, na la 7 halikuonekana hadi mwaka 2006.

Katika kipindi hicho, wahandisi waliorithi msimbo (maagizo yanayounda programu) wa Netscape, uliokuwa umefunguliwa kwa umma mwaka 1998, waliunda Firefox. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2004 likiwa na mambo ambayo watumiaji wa Internet Explorer waliyakosa kila siku: vichupo vya kufungulia kurasa kadhaa ndani ya dirisha moja, kizuizi cha madirisha ya matangazo yanayojifungua yenyewe, na viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, ambavyo mtu yeyote mwenye ujuzi angeweza kuviandika. Mwezi uliofuata, maelfu ya wafuasi wake walichanga fedha za kulipia tangazo la kurasa mbili katika gazeti la The New York Times. Kufikia mwisho wa mwongo huo, Firefox ilikuwa na karibu theluthi moja ya watumiaji duniani.

Historia hiyo, hata hivyo, si rahisi kurudiwa jinsi ilivyokuwa. Chrome, iliyozinduliwa Septemba 2008, haijabweteka. Hupata toleo jipya kila baada ya wiki chache, na wahandisi wake ni wengi na hodari. Mshindani anayesubiri Google izembee atasubiri sana. Udhaifu wa Chrome, kwa maoni yangu, haumo katika ufundi bali katika riziki ya mmiliki wake: sehemu kubwa ya mapato ya Google hutokana na matangazo, na kwa hiyo yapo mambo ambayo mtumiaji anayahitaji lakini Google haiwezi kumpa bila kujiumiza. Safari, kivinjari cha Apple ambacho si kidogo kwa kuwa kinashika nafasi ya pili, ilianza mwaka 2017 kuwabana wanaomfuatilia mtumiaji kutoka tovuti moja hadi nyingine. Mwaka 2019 Firefox iliufanya uzuiaji wa aina hiyo kuwa hali ya kawaida kwa kila mtumiaji wake. Chrome ilitangaza Januari 2020 kwamba ndani ya miaka miwili ingeviondoa vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari) vinavyotumika kwa ufuatiliaji huo, ikaahirisha mara kadhaa, na mwaka 2024 ikauacha mpango wenyewe. Pengo hilo ndilo uwanja wa vivinjari vidogo.

Uwanja mwingine ni wa watu ambao kiongozi hakuwafikiria. Opera Mini, iliyoanza mwaka 2005, iliwapa intaneti watu wengi waliokuwa na simu za kawaida zenye kumbukumbu ndogo na mtandao wa polepole. Ukurasa ulifunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa huko, kisha simu ikapokea matokeo mepesi yaliyogharimu sehemu ndogo tu ya data ya ukurasa asilia. Tor Browser, iliyojengwa juu ya Firefox, inawahudumia wanaohitaji kuficha mahali walipo. Vivinjari vya namna hii havihitaji kuishinda Chrome ili vistahili kuwapo.

Nimesoma kwamba Edge, Opera, Brave na Vivaldi vyote "ni Chrome ndani". Ikiwa ni kweli, mashindano yako wapi?

Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na swali lako ndilo zito kuliko yote tuliyopokea, kwa hiyo utuvumilie kwa urefu wa jibu.

Ndani ya kila kivinjari kuna injini, yaani sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuugeuza kuwa maandishi, picha na vitufe unavyoviona. Leo injini kubwa zimebaki tatu. Blink ni ya Google na imo ndani ya Chrome. WebKit ni ya Apple na imo ndani ya Safari. Gecko ni ya Mozilla, shirika linalotengeneza Firefox, na imo ndani ya kivinjari hicho. Mbili za kwanza ni ndugu. Apple ilijenga WebKit kutokana na KHTML, kazi ya watu wa mradi huria wa KDE, na Chrome nayo ilitumia WebKit hadi mwaka 2013, Google ilipojitenga na kuanzisha Blink. Msimbo wa Blink umo katika mradi wa chanzo huria unaoitwa Chromium, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuutoa kwa jina lake mwenyewe. Edge, Opera, Brave na Vivaldi vimefanya hivyo.

Opera ilikuwa na injini yake, Presto, na iliiacha mwaka 2013. Microsoft, yenye utajiri ambao wachache duniani wanao, ilitangaza Desemba 2018 kwamba inaiacha injini ya Edge, kivinjari kilichoirithi Internet Explorer, na kuhamia Chromium, na Edge mpya ikatoka Januari 2020. Sababu haikuwa ukosefu wa wahandisi peke yake. Watengenezaji wa tovuti hujaribu kazi yao katika kivinjari chenye watu wengi. Ikionekana sawa katika Chrome, wengi hawaendi mbele zaidi. Mtumiaji wa injini nyingine akikuta kitufe hakibonyezeki, hamlaumu aliyeijenga tovuti bali hukilaumu kivinjari chake, na pengine hukihama. Kwa hiyo mwenye injini ndogo hulazimika si tu kufuata viwango vilivyokubaliwa, bali pia kuiga tabia za Chrome, hata zile zilizotokana na hitilafu. Ni mzigo usiokwisha, na ndiyo maana anayekopa Chromium hupumua: kurasa zinafunguka, viendelezi vya Chrome vinafanya kazi, na nguvu zake zote anaziweka katika yale anayotaka kuyatofautisha.

Tofauti hizo si za rangi na vitufe tu. Mwaka 2021 Google ilianza kujaribu FLoC, mfumo ambao ungekifanya kivinjari chenyewe kimweke mtumiaji katika kundi la matangazo kulingana na tovuti anazotembelea. Brave na Vivaldi, ingawa vinatumia injini ileile, vilikataa waziwazi kuuwasha. Mozilla nayo ilikataa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Google iliuacha na kupendekeza mfumo mwingine. Siwezi kusema kwamba wadogo ndio waliouangusha, kwa sababu pingamizi zilitoka pande nyingi, lakini ilionekana kwamba anayekopa injini bado anaweza kusema hapana.

Anaweza, mradi jambo lenyewe linaweza kuzimwa. Fikiria kanuni mpya za viendelezi zinazoitwa Manifest V3. Zamani kiendelezi kiliweza kusimama kati ya kivinjari na mtandao, kikague kila ombi linalotoka, na kuamua lipite au lizuiwe. Chini ya kanuni mpya, kiendelezi hukikabidhi kivinjari orodha ya masharti mapema, na kivinjari ndicho hutekeleza, ndani ya ukomo uliowekwa. Google inasema badiliko hilo linaongeza usalama na kasi, na hoja hiyo ina uzito, maana kiendelezi kinachosoma kila ombi kinaweza pia kumpeleleza mwenye kompyuta. Lakini uBlock Origin, kizuizi cha matangazo kinachoaminiwa na wengi, hakiwezi kufanya kazi yake kwa ukamilifu chini ya kanuni hizo, na kimekwisha kuzimwa katika Chrome. Firefox imeamua kuuhifadhi uwezo wa zamani sambamba na kanuni mpya, na imeweza kwa sababu injini ni yake. Brave na Vivaldi vina vizuizi vya matangazo vilivyojengwa ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo havitegemei kanuni za viendelezi. Lakini kuutunza uwezo wa zamani ndani ya Chromium, ilhali Google inaufuta kutoka katika msimbo wa pamoja, ni kazi inayozidi kuwa ngumu kila toleo linapotoka.

Jibu langu, basi, ni kwamba vivinjari vinavyotumia Chromium vinashindana na Chrome kwa dhati katika faragha, mpangilio na huduma, lakini havishindani nayo katika kuamua intaneti itakuwa nini kesho. Uwezo huo wa mwisho uko kwa wenye injini zao, na kati yao Mozilla ndiyo pekee isiyo mali ya kampuni kubwa ya simu au ya matangazo. Jambo hilo linanitia wasiwasi kuliko takwimu yoyote ya soko.

Mheshimiwa Mhariri, sijawahi kulipia kivinjari. Hawa wenye vivinjari vidogo wanaishi kwa fedha gani?

Kwa sehemu kubwa, wanaishi kwa kisanduku cha utafutaji. Unapoandika neno juu ya dirisha na kubonyeza, huduma ya utafutaji inayokujibu hupata fedha kutokana na matangazo, na humgawia mwenye kivinjari sehemu yake kwa kumletea mteja. Kesi iliyofunguliwa na Wizara ya Sheria ya Marekani dhidi ya Google mwaka 2020 iliweka hadharani ukubwa wa biashara hii: mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe huduma ya utafutaji inayotangulia katika simu na vivinjari vya wengine, na mwaka 2022 Apple peke yake ililipwa takriban dola bilioni 20.

Mozilla imo katika mnyororo huohuo. Isipokuwa kipindi cha kuanzia mwisho wa mwaka 2014 hadi 2017, ilipofanya mkataba na Yahoo kwa watumiaji wa Marekani, Google imekuwa mlipaji wake mkuu, na sehemu kubwa sana ya mapato yake hutoka huko. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa anayetegemewa ni mshindani mwenyewe.

Ugumu wa hali hiyo ulidhihirika mahakamani. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Wizara ya Sheria iliomba Google iamriwe kuiuza Chrome na izuiwe kulipia nafasi hizo. Mtu angetarajia Mozilla ishangilie. Badala yake, afisa wake mkuu wa fedha aliieleza mahakama Mei 2025 kwamba kukatwa kwa malipo hayo kungeweza kuihatarisha Firefox yenyewe. Septemba 2025 jaji alikataa kuamuru Chrome iuzwe, akapiga marufuku mikataba inayoipa Google nafasi ya peke yake, lakini hakuyazuia malipo. Mozilla ilipata nafuu, na utegemezi ukabaki palepale.

Wengine wametafuta njia nyingine kwa mafanikio tofauti. Brave, iliyoanzishwa na Brendan Eich, mtu aliyebuni lugha ya JavaScript mwaka 1995, huuza matangazo yake ambayo mtumiaji huyakubali kwa hiari na kulipwa sehemu ya mapato kwa sarafu ya kidijitali, na tangu mwaka 2021 ina huduma yake ya utafutaji. Vivaldi, ya Jon von Tetzchner aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Opera, hutegemea mikataba ya utafutaji na alamisho (viungo vya kufungulia tovuti) za washirika zinazowekwa ndani ya kivinjari tangu mwanzo. Opera iliingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2018 na huishi kwa matangazo na utafutaji. Binafsi ningependa kuona kivinjari kimoja kikubwa kinachoishi kwa michango au ada ndogo ya watumiaji wake, kwa kuwa anayelipwa na msomaji hana sababu ya kumpeleleza, lakini ni lazima nikiri kwamba watu wamezoea kupata programu hizi bila malipo tangu Microsoft ilipoitoa Internet Explorer bure, na mazoea hayo ni magumu kuyavunja.

Je, kivinjari kidogo ni salama kama kikubwa?

Angalia kasi ya masasisho yake. Google inapoziba tundu la usalama katika Chromium, marekebisho huonekana katika msimbo ulio wazi, na wadukuzi huweza kuyasoma ili kulijua tundu lenyewe. Kivinjari kinachokopa msimbo huo kikichelewa kwa wiki kadhaa, watumiaji wake hukaa na mlango ambao maelezo ya namna ya kuufungua yamekwisha kutangazwa. Vile vinavyotunzwa vizuri hufuata ndani ya siku chache. Ukiona toleo la mwisho la kivinjari lina umri wa miezi mingi, usikitumie kwa benki wala kwa barua pepe.

Simu huja na kivinjari chake tayari, na wengi hatujui hata kwamba kinaweza kubadilishwa. Je, sheria inaweza kuwasaidia wadogo?

Inaweza, na imekwisha kujaribiwa mara mbili barani Ulaya, kwa matokeo yanayofundisha mengi. Mwaka 2007 Opera ililalamika mbele ya Tume ya Ulaya kwamba Microsoft inaifungamanisha Internet Explorer na Windows. Microsoft ilikubali mwaka 2009 kuwaonyesha watumiaji ukurasa wa kuchagua kivinjari, na ukurasa huo ulianza kuonekana mwaka 2010. Baadaye uliacha kutokea katika toleo moja la Windows 7 kwa zaidi ya mwaka, na Machi 2013 Tume iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 561. Lakini kufikia wakati huo watu walikuwa wakihamia kwenye simu, ambako ukurasa huo haukuwapo.

Mara ya pili ni kwa Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024. Tangu hapo, watumiaji wa iPhone na wa simu za Android katika nchi za Umoja huo huonyeshwa orodha ya vivinjari wachague wenyewe, na baadhi ya vile vidogo, Brave kikiwamo, vilitangaza kwamba watumiaji wapya waliongezeka. Apple ililazimika pia kuruhusu injini nyingine katika iPhone. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, Firefox na hata Chrome za iPhone zililazimika kutumia WebKit ya Apple, na katika sehemu kubwa ya dunia hali ni hiyo hadi sasa. Ruhusa ya Ulaya peke yake haitoshi, kwa sababu mwenye injini yake hulazimika kutunza programu mbili tofauti, moja ya Ulaya na nyingine ya kwingineko, mzigo ambao kampuni kubwa inaumudu na ndogo inashindwa. Sheria ya aina hii huzaa matunda pale tu inapokuwa imezingatia gharama za yule inayetaka kumsaidia.

Ninasomea uhandisi wa programu na ndoto yangu ni kutengeneza kivinjari chenye injini yake. Walimu wangu wanasema haiwezekani. Ninyi mnasemaje?

Walimu wako wana sababu, kwa kuwa injini ya kisasa ina mamilioni ya mistari ya msimbo na viwango inavyovifuata huongezeka kila mwaka. Hata hivyo, watu wanafanya kazi hiyo sasa hivi. Servo, iliyoanza ndani ya Mozilla mwaka 2012 na kuandikwa kwa lugha ya Rust, ilichangia sehemu muhimu za Firefox iliyotoka Novemba 2017, hasa ile inayopanga mitindo ya ukurasa kwa kutumia viini vyote vya kompyuta kwa pamoja. Mozilla ilipopunguza wafanyakazi wengi mwaka 2020, Servo ilihamishiwa Linux Foundation, na inaendelea kukua. Ladybird, iliyoanzishwa na Andreas Kling kama sehemu ya mfumo endeshi wake wa SerenityOS, ilijitegemea mwaka 2024 chini ya shirika lisilo la faida. Haikopi msimbo wa Blink, WebKit wala Gecko, na imetangaza kwamba itaishi kwa michango na ufadhili bila kuuza nafasi ya utafutaji.

Usianze peke yako na faili tupu. Ipo hazina ya wazi ya majaribio, web-platform-tests, ambayo wenye injini zote kubwa huitumia kupima kama kivinjari kinafuata viwango. Chukua msimbo wa Servo au wa Ladybird, uujenge katika kompyuta yako, uyaendeshe majaribio ya sehemu moja ndogo, kwa mfano namna orodha zinavyopewa nambari au namna maandishi yanavyokatwa mwishoni mwa mstari, kisha utafute jaribio moja linaloshindwa. Soma kiwango kinasema nini kuhusu jambo hilo, linganisha na kile msimbo unachofanya, na utume marekebisho yako kwa watunzaji wa mradi. Watakukosoa, nawe utajifunza mengi kutokana na ukosoaji huo. Ukitazama lugha za maandishi yanayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, au zenye herufi zinazoungana, utakuta kazi nyingi ambayo bado haijapata mtu.